Tulienda kuona Maréchal, tukasahau Ruzizi



Kila mwaka, likizo kubwa ikikaribia, swali ni lile lile kwenye grupu yetu: safari hii tutatembea wapi? Mwaka huu jibu limekuja haraka, na mwenye kosa ni mimi. Mwezi wa pili nilituma foto saba za daraja la Matadi, lile ambalo watu wanaendelea kuliita Maréchal, na tangu siku hiyo kuna wenzetu wanaopiga hesabu ya tiketi ya ndege. Wengine wameniuliza pembeni: "Ndugu, ile kitu iko sawa na foto kweli? Inastahili pesa yote hiyo?"

Niliahidi kujibu kwa maandishi, na leo ninalipa deni. Jibu langu ni refu kidogo, juu daraja lenyewe linastahili maneno, na juu kuna aibu yangu mwenyewe ndani ya habari hii. Nitaifikia.

Nianze na sifa. Nilikuwa Kinshasa kwa mafunzo ya majuma matatu. Jumamosi moja, mimi na binamu yangu tulipanda basi ya Matadi alfajiri, karibu kilomita 350 za lami na vilima, tukafika jua limeanza kulegea. Matadi kwa Kikongo maana yake ni mawe, na si jina la bure: mji umepanda juu ya mawe, nyumba zinapandiana mlimani kama za Kadutu. Mtu wa Bukavu hajisikii mgeni kwenye miteremko ile. Kinachomkumbusha kwamba yuko mbali ni joto.

Kesho yake asubuhi tulisimama mahali pa juu, na daraja likaonekana lote kwa mara moja. Minara miwili, kamba mbili nene zinazoshuka kwa mkunjo laini kisha kupanda tena, na barabara imening'inia chini yake. Urefu wake wote ni mita 722. Kati ya mnara na mnara ni mita 520, yaani karibu viwanja vitano vya mpira vikipangwa kimoja nyuma ya kingine, na katika nafasi yote hiyo hakuna nguzo hata moja iliyosimama majini. Chini yake mto Kongo unapita wote, maji ya rangi ya udongo, yanajikunja na kuzunguka kwa nguvu ambayo mtu aliyezoea ziwa Kivu hawezi kuifikiria. Nilinyamaza kidogo. Binamu yangu, ambaye huwa hanyamazi, alinyamaza pia.

Kwa nini lining'inie? Nilipata kuelewa baadaye kwa kusoma. Mahali pale mto ni wenye kina na mkondo mkali, na meli zinazokwenda bandarini zinahitaji njia. Huwezi kwenda kusimamisha nguzo katikati. Basi uzito wa barabara na malori unashikwa na kamba ndogo za wima; hizo zinaupeleka kwenye kamba mbili kubwa; kamba kubwa zinapita juu ya minara na kwenda kushikiliwa ardhini, kila upande, na matofali makubwa ajabu ya zege. Na ile kamba kubwa unayoiona kama bomba moja si chuma kimoja. Ni maelfu ya nyaya nyembamba zilizokusanywa pamoja. Daraja zima ni watu wengi wembamba waliokubali kuvuta upande mmoja.

Kazi ilianza mwaka 1979 kwa mkopo wa Japani na makampuni ya Japani, ikafunguliwa Mei 1983. Mobutu alikuwa amejipatia cheo cha marshali miezi michache tu kabla, kwa hiyo daraja likabatizwa cheo chake. Mwaka 2023 lilitimiza miaka 40. Kwa muda wa miaka 35 hakuna daraja la kuning'inia Afrika lililolizidi, mpaka Maputo walipofungua la kwao mwaka 2018 lenye mita 680 kati ya minara. Na mpaka leo, kati ya Kinshasa na Brazzaville, miji mikuu miwili inayotazamana uso kwa uso, hakuna daraja. Watu wanavuka kwa mashua. Kwa hiyo ndiyo, wapendwa: Maréchal ni kitu kikubwa. Aliyelidharau hajaliona.

Sasa nije kwenye ukosoaji, maana ndio mlioniomba.

Kwanza, kuvuka daraja ndiyo sehemu duni kuliko zote za safari. Watu hufikiri raha iko pale juu. Ukiwa ndani ya gari, daraja linakwisha kabla hujamaliza sentensi. Unachokiona ni vyuma vinavyopita dirishani na kipande cha mto. Simu inabaki mfukoni, kwa sababu ni mahali panapolindwa na foto pale si mchezo. Daraja la kuning'inia linaonekana vizuri kutoka mbali, na zaidi kutoka chini, pale unapoona jinsi lilivyo jembamba kwa kazi linayoifanya. Mtu akikuahidi kwamba "atakuvusha Maréchal" kama ndiyo kilele cha matembezi, mwambie akupeleke ukingoni badala yake.

Pili, hakuna aliyetueleza kitu. Kijana aliyetuongoza alikuwa mwema na mcheshi. Alijua mwaka, alijua mita, alijua habari za marshali. Nikamuuliza: "Sasa hii yote, nani anaipaka rangi? Nani anapanda kule juu kuangalia kama kamba zimeshika kutu?" Akacheka. "Ah, mukubwa, ile ni mambo ya Bajaponi."

Nilikubali jibu lake, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwa sababu si kweli. Wajapani waliondoka mwanzoni mwa miaka ya 90, nchi ilipoanza kutikisika. Waliobaki na daraja ni Wakongo: wainjinia, mafundi, wapaka rangi, watu waliofundishwa wakati wa ujenzi na waliofundishwa na wale waliofundishwa. Zaire ikawa Kongo, vita vikaja mara ya kwanza na ya pili, franka ikaanguka, na katika miaka yote hiyo kuna watu walioendelea kupanda minara ile, kukagua, kukwangua kutu na kupaka rangi. Wajapani waliporudi baada ya miaka mingi kushirikiana nao tena, walikuta daraja limetunzwa. Nadhani kama kuna kitu cha kuonyesha mgeni Matadi, ni hicho. Na katika nchi hii ambayo kila siku tunaambiana "sisi Wakongo hatuwezi kutunza kitu", mimi nilisimama mbele ya ushahidi wa mita 722 kwamba tunaweza, nikaambiwa ni mambo ya Bajaponi, nikasema sawa, nikapiga foto.

Tatu, reli. Daraja lilijengwa libebe vitu viwili: magari juu, na treni chini yake, ndani ya kile kiunzi cha chuma. Mpango ulikuwa reli ifike mpaka Banana, baharini, kwenye bandari ya maji ya kina. Reli haijafika. Zaidi ya miaka 40 nafasi yake inangoja. Ujenzi wa bandari ya Banana sasa umeanza, jiwe la msingi liliwekwa Januari 2022, lakini treni bado. Kijana wetu hakutaja hilo, na mimi sikuwa nalijua. Ningelijua, ningetazama chini ya barabara na si juu ya minara. Wenzangu mliomaliza lisanse na mnaendelea kuwapa watoto wa jirani kozi za ziada mkingoja kazi mliyosomea, ninyi mngeielewa nafasi ile bila kuelezwa na mtu. Imejengwa sawasawa. Haina kosa. Kilichokosekana ni kile kilichopaswa kupita.

Huo ndio ukosoaji wa Matadi. Sasa wangu mwenyewe.

Niliporudi Bukavu, usiku wa kwanza nilimuonyesha mama foto zote saba. Mama yangu alifanya biashara ya kuvuka Ruzizi kwa zaidi ya miaka 20, mpaka magoti yalipomkatalia. Akavaa miwani, akaangalia foto moja moja, bila haraka. Kisha akaanza maswali.

"Papa, nani anapitaka pale?"

Nikasema magari, malori, watu wa Boma na Muanda.

"Na bale bamama benye mizigo? Banapitaka na miguu ao banapanda motokari?"

Sikujua.

"Banalipaka ngapi?"

Nikakumbuka kwamba binamu ndiye aliyelipa. Sikujua.

"Na kama mutu amechoka na beseni ku kichwa, anapumuzikaka wapi?"

Nikaanza kucheka. Yeye hakucheka. Akanirudishia simu na kusema polepole, bila ubaya: "Sasa wewe ulienda kuona nini?"

Nilizifungua tena zile foto usiku ule. Jamani, ni kweli mliziona na mkaweka mioyo mingi, lakini ziangalieni tena. Katika zote saba mimi niko mbele na daraja liko nyuma. Katika mbili nimefunika mnara mmoja kwa kichwa changu.

Mama hakuwa ananikosoa juu ya Matadi. Aliuliza maswali ambayo mtu wa daraja huuliza. Ndipo nilipotambua kwamba maswali yale yale, mtu akiniuliza juu ya Ruzizi, nisingeweza kuyajibu pia. Na Ruzizi ndiyo iliyonilipia minervali.

Wote tunaijua Ruzizi ya kwanza. Unashuka Nguba, unafika mpakani, unavuka, uko Rwanda. Mto wenyewe unaanzia hapo hapo kwetu, unatoka ziwa Kivu kwenye mita karibu 1,460 juu ya bahari na kushuka mpaka Tanganyika, iliyo chini yake kwa karibu mita 700. Kwa sababu ya mteremko huo ndiyo tuna mabwawa ya umeme, la kwanza la mwisho wa miaka ya 50, la pili la mwaka 1989. Umeme ukija nyumbani kwako leo jioni, ujue ni mto ule. Lakini daraja? Hakuna anayepiga nalo foto. Ni fupi. Halina mnara, halina kamba. Nimelivuka mara nyingi sana maishani na kila mara macho yangu yalikuwa kwenye karatasi: jetoni iko wapi, muhuri uko wapi, foleni inakwendaje. Kwangu Ruzizi haikuwa daraja. Ilikuwa dirisha la kupigiwa muhuri.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa tatu nilimwomba mama anipeleke. Si kuvuka, kutembea tu mpaka karibu na mpaka, asimame mahali alipokuwa anasimama, anieleze. Alidhani ninamfanyia mzaha. Kisha akavaa kitenge kizuri, kile cha misa.

Nitawaambia aliyonieleza, kwa kifupi, maana mengine ni ya kwake.

Alinionyesha mahali walipokuwa wanangoja lango lifunguliwe saa kumi na mbili asubuhi, akina mama kumi na zaidi, kila mmoja na beseni tupu. Aliyechelewa alikuta nyanya nzuri za Kamembe zimekwisha. Alinionyesha pale ambapo, wakati wa kurudi, walishusha beseni na kusaidiana kuzipandisha tena kichwani, kwa sababu beseni la nyanya lililojaa huwezi kujitwisha peke yako. "Hapa," alisema, "kama hauna mutu, hauna biashara." Alinieleza likelemba yao: kila juma kila mmoja anatoa kidogo, na zamu inazunguka, zamu yake aliipanga iangukie mwezi wa tisa, wakati shule zinadai. Alinieleza jinsi walivyomjua mtu mpya kwa namna alivyotembea katikati ya daraja: mgeni hutazama maji, mzoefu hutazama kisigino cha aliye mbele yake.

Na alinieleza Machi 2020. Mimi nilikuwa nyumbani wakati ule, kama ninyi nyote, masomo yamefungwa, tunalalamika juu ya megabaiti. Mpaka ulipofungwa kwa ajili ya korona, mama alikuwa na mtaji wa wiki mbili. Wiki ya tatu tuliula. Sikujua tulikuwa tunakula mtaji. Nilijua tu kwamba mboga zimepanda bei na nyama imepungua. Mdogo wangu wa kike alirudia darasani mwaka mmoja baadaye kuliko wenzake, nikaambiwa sababu ni "afya". Haikuwa afya. Mama aliniambia ukweli pale pale karibu na barabara, Jumamosi ile, miaka mitatu baadaye, na aliniambia kwa sababu nilikuwa nimemuuliza juu ya daraja.

Ninawaomba mnielewe. Sisemi hivi ili mlie. Ninasema kwa sababu ninaandika ukosoaji wa namna tunavyotembea, na huu ndio mfano nilionao. Nilisafiri kwa ndege na basi kuona daraja la watu wengine, nikarudi na foto saba za uso wangu. Nilitembea kwa miguu mpaka daraja la nyumbani, bila foto hata moja, nikarudi nikiijua familia yangu.

Najua mtakachosema. Wa kwanza atasema: "Ndugu, unachanganya mambo. Ruzizi ni mpaka. Maréchal ni sanaa ya uinjinia. Watu wanaenda kuangalia kitu kizuri, si kulia." Ni kweli, uzuri ni sababu ya kutosha ya kusafiri. Lakini uzuri wa daraja hauwezi kutengwa na kazi yake. Ondoa malori, ondoa mto, ondoa Boma upande wa pili, Maréchal inabaki vyuma vimetundikwa hewani. Na mtazamaji asiyeuliza juu ya kazi ndiye anayekuwa hatarini. Mnakumbuka Morbi, kule India, mwezi wa kumi mwaka 2022? Lilikuwa daraja la miguu la kuning'inia, la tangu karne ya 19, kivutio cha mji. Lilifungwa kwa matengenezo, likafunguliwa, na siku chache tu baada ya kufunguliwa kamba ilikatika, watu zaidi ya 130 wakafa. Wengi walikuwa wamekwenda kutembea tu, ni siku za sikukuu, na watoto wao. Walikuwa watu kama sisi na safari yetu ya likizo. Swali la "nani anakagua kamba?" si swali la kuharibu raha. Ndilo linalokuwezesha kusimama pale juu na kufurahi.

Mwingine atasema: "Basi twende Nyungwe, karibu zaidi." Wengi wetu tuna foto pale, juu ya lile daraja la miguu linaloning'inia juu ya miti tangu mwaka 2010. Ni zuri, na msitu ule ni wa ajabu. Lakini limejengwa ili tutazame, likianzia msituni na kuishia msituni. Hakuna anayelivuka akienda sokoni. Sina ubaya nalo. Nasema tu kwamba mtu akiyajua madaraja ya namna hiyo peke yake, ataanza kuamini kwamba daraja ni mahali pa kuogopa kidogo na kucheka, halafu kurudi garini.

Na wa tatu atasema kwamba sisi hapa Kivu Kusini hatuna madaraja ya kuning'inia, kwa hiyo lazima twende mbali. Huyo ninamjibu kwa aibu nyingine. Mwaka wetu wa kwanza chuoni kulikuwa na mwenzetu wa Shabunda. Alitusimulia kwamba kwenda shule alikuwa anavuka mto juu ya daraja la kamba za pori, lililosukwa kutoka mti wa ng'ambo hii hadi mti wa ng'ambo ile. Tulicheka. Tulimpa jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Leo najua kwamba madaraja yale ya Walega, juu ya mito kama Ulindi na Elila, yanafanya kazi kwa sheria ile ile ya Matadi: kamba inavuta, pande mbili zinashikilia, katikati hakuna nguzo. Tofauti ni kwamba kamba ya pori inaoza, kwa hiyo kijiji kinalazimika kuifanya upya, tena na tena, kila mtu akijua zamu yake. Kijiji kikikimbia, daraja linakufa. Mwenzetu alikuwa anatusimulia juu ya uinjinia na utunzaji, katika oditori iliyojaa watu waliokuja kusoma, na hakuna aliyemuuliza swali hata moja.

Na baada ya yale ya Kalehe mwezi wa tano mwaka 2023, mvua ilipobeba Bushushu na Nyamukubi na mamia ya ndugu zetu, sidhani kama kuna mtu hapa anayehitaji kukumbushwa kwamba barabara na daraja si mapambo ya nchi.

Kwa hiyo, je, Maréchal inastahili pesa? Ndiyo. Mwenye nafasi aende. Alale Matadi usiku mmoja, asiende na kurudi mbiombio. Aanze kulitazama kutoka juu, kisha ashuke mpaka ukingoni, na kuvuka kuwe mwisho. Aulize ni nani anayelitunza, na asikubali jibu la Bajaponi. Atazame chini ya barabara, pale treni ilipopaswa kupita. Na apige foto moja ambayo yeye hayumo.

Lakini kwa safari ya pamoja ya mwaka huu, pendekezo langu ni dogo na halihitaji ndege. Tuchague Jumamosi moja ya mwezi wa nane. Tuwaombe akina mama watatu au wanne wanaovuka Ruzizi waje watuongoze: watuonyeshe wanapongoja, wanaposhusha mizigo, watueleze likelemba na bei. Tuwalipe asubuhi yao, kwa bei ya beseni lililojaa, maana wakiwa nasi hawauzi. Wale wa uinjinia watueleze mto na mabwawa. Wa historia watueleze mpaka huu ulivyokuja, na jetoni ya CEPGL, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1976. Kisha tukae mahali, tunywe kitu baridi, na yule mwenzetu wa Shabunda, kama bado anatusoma na ametusamehe, atusimulie tena habari yake. Safari hii tutauliza maswali.

Mama nimemwambia juu ya mpango huu. Amesema atakuja, magoti yakiruhusu. Ila ameuliza tutakuwa wangapi, na kama kuna mtu amefikiria kiti. Akina mama wanaotembea miaka 20 na beseni kichwani, amesema, hamuwezi kuwasimamisha juani saa tatu nzima eti kwa sababu ninyi mmesoma. Nimemjibu kwamba kiti kitakuwepo. Atakayekileta aniandikie.